Kufu

Ghorofa ya pili, Guadalajara, kibanda namba mia mbili kumi na nne,
kati ya muuza vioo vya simu na msichana wa chaja:
hapo ndipo ninapoozesha vyuma.
Niite mshenga. Posa napokea tangu saa nne asubuhi,
mahari ni peso, taslimu, hakuna kukopa.

Leo kaja Eulalia Zepeda, mshonaji wa sare za shule,
kakumbatia kasha la kompyuta kama mtoto mwenye homa,
na nyuma yake mpwa wake, Evaristo, macho chini.
Kijana kanunua prosesa kwa mtu wa mtaani,
kaileta ndani ya kitambaa cha kufungia tortila.
"Inaingia," anasema. "Imekaa kama chanda na pete."

Najua imekaa.
Pini elfu moja mia moja hamsini na moja,
na hakuna hata moja iliyopinda.
Lakini ubao mama ni wa kizazi kilichotangulia,
prosesa ni ya kizazi kilichofuata,
na waliozitengeneza waliamua, huko waliko,
kwamba hawa wawili wasisemezane.
Kitanda kimoja, shuka moja,
na usiku kucha hakuna aliyeuliza hata, "Umelala?"

"Basi nani abadilishwe?" anauliza Eulalia,
kwa sauti ya mtu aliyezoea kuambiwa suruali inabana.
Nampa hesabu, na hesabu yenyewe ni kufumua sweta:
ukibadili ubao, memori za zamani hazina pa kuchomekwa,
pengo lao limesogea kidogo tu, na kidogo hicho kinatosha;
ukinunua memori, umeme hautoshi;
unavuta, unavuta,
mwisho umeshika uzi na sweta haipo.

Peso elfu nne. Kazihesabu mara mbili mbele yangu,
noti zinanukia mafuta ya cherehani.
Kipya kinyemi, ni kweli, ila kidonda chake
angekilipa kola kwa kola hadi Disemba.

Nikafungua droo ya mitumba.
Prosesa kuukuu, ukoo mmoja na ubao wake:
viini vinne, nyuzi nane.
"Nyuzi nane," akarudia, akatabasamu mara ya kwanza.
Memori mbili pacha. Pawasaplai ya wati mia tano,
maana ile ya zamani ilikuwa ikihema.
"Na kadi ya michoro?" Evaristo akapata ulimi.
"Ya kuchorea nembo za kudarizi, shangazi."
Sote watatu tulijua kadi ni ya nini.

Kadi: sentimita ishirini na saba.
Eulalia akavua futi shingoni, akapima tumbo la kasha:
ishirini na tano.
Nikaanza kuirudisha kwenye boksi.
Miaka kumi na sita nimevunja posa kwa pungufu ya hapo.

"Ngoja. Nguo ikibana, hukati mtu."
Akagusa kizimba cha diski, kitupu, kinakula nafasi bure.
"Hiki kimebeba nini?"
"Hakijabeba kitu."
"Basi ni pindo."
Akaniomba drili. Ribiti nne.
Vumbi la bati likamwagika hadi kwa msichana wa chaja, akanuna.
Kisha akapitisha kidole ukingoni
na kuuvika utepe, mkato usije ukamla mtu.

Tukachomeka. Tukawasha.
Feni zikazunguka, zikasimama,
Evaristo akashika kona ya kaunta,
zikazunguka tena.
Halafu mlio mmoja, mfupi,
kama mwali anayekohoa nyuma ya pazia.

Ile prosesa ya mtaani niliinunua mimi, peso mia sita.
Haina kosa lolote. Si kufu yao, basi.
Kitambaa wamekisahau: maua mekundu,
moja halikumaliziwa petali.
Ningekirudisha, namba yake ya simu ninayo.
Lakini nimeiviringisha humo, iko droo ya chini,
na kila aingiapo mtu na ubao kwapani
namwuliza kwanza, kabla ya salamu, wa mwaka gani.